Kesi ya Tumbo la Warona

Mimi na Mma-Oteng tumetenganishwa na ua wa miiba tu, kwa hiyo asije mtu akanisimulia mwanamke huyo alikuwaje. Akikohoa kwake, nasikia kwangu. Na niseme mapema: kama unatafuta habari za bibi mpole, mwenye subira, anayemeza kila anacholishwa, hapa umepotea njia. Mma-Oteng hamvumilii hata nzi.

Kazi yake ilikuwa viwavi vya mti wa mopane, vile vinavyoliwa. Msimu ukifika anaingia porini ng'ambo ya mto Motloutse, anarudi na magunia, anavikamua matumbo, anavichemsha kwa chumvi, anavianika juu ya mabati. Vikishakauka anakaa navyo kituo cha basi. Mteja akilalamika bei anaambiwa, "Mti huo hapo, mwanangu. Panda ukaokote vyako." Mumewe aliyaacha mapafu yake kwenye migodi ya dhahabu ng'ambo ya mpaka, akarudi kufa nyumbani, na tangu hapo mama huyu akawa hana mtu wa kumwambia kaa chini.

Alikuwa na binti mmoja tu, Oteng, ndiyo maana tunamwita Mma-Oteng, mama wa Oteng. Oteng alirudi kutoka mjini akiwa na mimba na kikohozi, hakusema anaumwa nini. Watu wakanong'ona, naye akanong'ona, mpaka akafa vivyo hivyo, mtoto wake Warona akiwa bado ananyonya. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa zimeshafika hata kwenye zahanati yetu, tena bure, lakini binti wa watu aliogopa kuonekana kwenye foleni. Siku ya mazishi Mma-Oteng alisimama pale kaburini, mbele ya mchungaji na ukoo mzima, akasema, "Mwanangu kauawa na aibu. Mjukuu wangu kapimwa, anavyo virusi hivyo hivyo. Nimeshawaambieni mwenyewe, kwa hiyo msijisumbue kunong'ona." Mchungaji akaanzisha wimbo haraka haraka.

Tangu siku hiyo, asubuhi na jioni, habari zikianza redioni, kijiji kizima kinasikia: "Warona! Dawa!" Ilikuwa dawa ya maji, chungu kama nyongo. Mtoto anakunja uso, anameza, anapewa kijiko cha uji wa mtama wa kufuta uchungu. Na mtoto akanenepa, akatoa meno, akaanza kunifukuzia kuku wangu. Mimi nilikuwa namtukana kwa raha zote.

Sasa sikiliza habari ya ndama.

Mvua kubwa zilipoanza, ng'ombe mmoja wa Mma-Oteng alikufa huko kambini, kule porini tunakofugia, akaacha ndama mchanga. Kwetu ng'ombe si mnyama tu. Wazee humwita mungu mwenye pua ya majimaji. Ukimwacha ndama yatima afe porini utasemwa mpaka wajukuu wako wasemwe. Ndama akaletwa nyumbani, akafungwa kando ya jiko, akawa ananyweshwa maziwa kwa jagi la bati. Warona akampenda kupita kiasi. Ndama anaulamba mkono wake, naye anautia mkono huo huo mdomoni. Anamshikia jagi, ndama anakunywa, kilichobaki anakimalizia yeye. Sisi watu wazima tunatazama, tunacheka: "Mwoneni mchungaji wetu!" Na ndama mwenyewe alikuwa anahara, maji ya manjano ua mzima. Nani alijali? Ndama huhara mvua zikianza, ndivyo walivyo. Mma-Oteng alifagia, akaendelea na shughuli zake.

Halafu pampu ya kijiji ikaharibika, tukarudi kuchota maji kwenye visima vya mchanga mtoni, palepale wanapokunywa ng'ombe. Mma-Oteng si mchafu, tafadhali. Kila ndoo aliitia kidonge cha klorini kama alivyofundishwa zahanati, na kila ndoo aliifunika.

Warona akaanza kuhara. Mwanzo tukasema ni matikiti mapya, watoto wamekula kabla hayajaiva. Lakini matikiti yaliisha na kuhara hakukuisha. Yalikuwa yanatoka maji matupu, mara baada ya mara, mtoto hana hata nguvu ya kulia. Mashavu yale yakaenda. Ukimbana ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Mma-Oteng alimpa maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko mchana kutwa, na mtoto akawa hai, lakini hai ya kuning'inia. Zahanati walimpa pakiti za chumvi na vidonge vya zinki. Muuguzi wa zamu akasema kwa sauti ya huruma, "Mama, watoto wenye hali hii huhara. Ndiyo hali yenyewe."

"Hali gani?" akauliza Mma-Oteng.

"Unajua mwenyewe, Mma."

"Ninachojua ni kwamba alikuwa na hali hiyo hiyo mwezi uliopita, na alikuwa anawakimbiza kuku wa jirani. Kuna kitu kimeingia. Kitafute!"

Hawakuwa na kifaa cha kukitafutia. Wakamwandikia aende hospitali ya mjini, tena apeleke choo cha mtoto kingali kibichi.

Kabla hatujaondoka akaja kaka yake mkubwa, Rra-Thuso, yaani baba Thuso. Huyu ndiye kichwa cha ukoo, mtu mrefu, mwenye koti hata jua likiwaka. Alisimama mlangoni, hakukaa, maana alikuwa na lake moyoni.

"Dada," akasema, "hiyo dawa ya chupa inamuunguza mtoto matumbo. Iache. Nimeshazungumza na mganga kule kambini, atamtakasa yeye na wewe."

"Mimi nina uchafu gani?"

"Miguu yako ni ya moto. Mjane akiwa na joto la mwanamume, akimbeba mtoto mgongoni, mtoto anaishia kumwagika kama maji. Usinilazimishe kutaja majina."

"Taja!"

"Rra-Sello."

Masikini Rra-Sello! Fundi mabati, mwenye magoti mabovu, alikuwa amekuja kuziba paa lililokuwa likivuja. Mma-Oteng alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akaacha kucheka, akaniambia, "Mma-Tebo, chukua mwavuli, tunaondoka." Akampita kaka yake pale mlangoni, mtoto mgongoni.

Tulipanda nyuma ya pikapu iliyokuwa inakwenda mjini. Choo cha Warona kilikuwa kwenye kichupa cha jamu, kimefungwa barabara, Mma-Oteng kakipakata. Mwanamume mmoja akakitazama njia nzima, mwisho akashindwa kujizuia. "Mma, hiyo achari unauza?"

"Onja kwanza," akamjibu, akamnyooshea.

Hospitalini tulikutana na muuguzi mmoja, Boingotlo, msichana mwembamba, umri wa Oteng angekuwa hai. Alimpima Warona, akamtundikia maji ya mshipa, akapeleka kichupa maabara, akarudi baadaye akakaa karibu yetu. Hakuuliza habari za mwanaume yeyote. Aliuliza, "Nyumbani mna ndama?"

Mma-Oteng akaruka. "Haya, zamu ya ndama imefika! Kwanza nilikuwa mimi, ikaja dawa, akaja fundi mabati wa watu. Sasa ndama. Binti, ng'ombe unamjua wewe, au unamwona kwenye sahani tu?"

"Nimelelewa kambini, mama yangu. Baba yangu anao wengi kuliko wako."

"Sema basi."

"Ndama huyo anahara?"

Mma-Oteng akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Boingotlo akamchukua mpaka maabara, akamwonyesha kwenye darubini. Mma-Oteng alitoka huko kimya, jambo ambalo sijawahi kuliona. Baadaye aliniambia aliona vidoa vyekundu, vya duara, vingi kupita kiasi. Aliuliza, "Ni hawa?" akaambiwa, "Ni hao." Akawatukana wakiwa huko huko kwenye kioo.

Msichana alitueleza taratibu. Vijidudu hivyo vinatoka kwenye choo cha ndama, vinaingia mkononi, kwenye jagi, kwenye maji ya kisima. Sisi wenye afya tunahara siku chache, vinapita. Mtoto ambaye kinga yake ni changa vinakaa, vinajenga. Klorini vinainywa tu, haivitishi. Kinachoviua ni maji kutokota.

"Na dawa yake?" akauliza Mma-Oteng.

"Dawa yake kubwa ni ile ile unayompa. Ndiyo inayomjengea mlinzi wa kuvifukuza. Inaweza kumlegeza tumbo kidogo, sikufichi. Lakini ukiiacha, mama yangu, vitakaa mpaka vimmalize. Usiiache hata siku moja."

Mma-Oteng akamshika msichana yule mkono, akaung'ang'ania. "Nilikuwa nampa jagi mwenyewe," akasema. "Nikicheka." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Mimi pia nililia, tena kwa sauti, maana nilikuwa nikicheka naye.

Tuliporuhusiwa kurudi, tukakuta Rra-Thuso ameshaita kikao cha ukoo kwenye kgotla yao, ule ua wa magogo ya kusimama ambamo wanahukumiana. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Mma-Oteng hakwenda hata nyumbani kunawa uso. Aliingia na mtoto mgongoni, akakaa katikati.

"Dada, tumekuita kwa upole," akaanza Rra-Thuso.

"Huo upole umeuacha kwenye koti gani?"

Wanawake wakaficha midomo. Rra-Thuso akaendelea, yote aliyosema mlangoni, na mengine ameyatia chumvi. Miguu ya moto. Joto la mwanamume. Rra-Sello juu ya paa.

"Juu ya paa, ndiyo," akasema Mma-Oteng. "Mchana, juu ya bati linalochoma, na magoti yake yale. Wazee wangu, kama kuna njia ya kuyafanya mambo hayo mahali hapo, nifundisheni, maana ujanani sikuijua."

Kicheko kikalipuka mpaka kwa wazee. Rra-Thuso akapiga fimbo chini. "Na dawa ile itamwagwa leo!"

"Hapana. Kinachotoka leo ni ndama."

Akawaambia yote: darubini, vidoa, jagi, kisima. Yakhe, ungeona! Kicheko kilikatika. Mzee mmoja akavua kofia kama kafiwa. "Ng'ombe?" akasema. "Unamshitaki ng'ombe?" Mwingine akasema, "Ng'ombe ndiye aliyetolewa mahari ya mama yako. Ng'ombe ndiye anayechinjwa tukizika. Leo ni sumu?" Mke wa Rra-Thuso akanong'ona kwamba huzuni imempanda kichwani. Ungemtaja mjane wakakubali, ungemtaja mchawi wakakubali, hata marehemu Oteng wangemkubali. Ndama wa watu hakuna aliyekuwa tayari kumsikia akitajwa.

Mma-Oteng akasimama. "Mnanisikiliza? Kila mwenye miguu miwili katika kijiji hiki mmeshamshitaki juu ya tumbo la mtoto huyu. Mwenye miguu minne mnamvulia kofia. Mimi nawapenda ng'ombe kuliko nyinyi nyote, na ndama yule nimemlea kwa mikono yangu. Lakini wanaonisikia wasikie: ng'ombe anapata ng'ombe mwingine. Warona nitampata wapi?"

Rra-Thuso alikuwa amekasirika mpaka midomo inamcheza. Akatoa neno ambalo kwetu halitolewi ovyo. "Vizuri. Fanya utakavyo. Lakini siku mtoto akifa, hakuna wa ukoo huu atakayekuja kwako. Hakuna wa kuchimba, hakuna wa kupika, hakuna wa kuimba. Utamzika peke yako."

Mtu unaweza kugombana na ndugu maisha yako yote, lakini msibani wanakuja. Kunyimwa mazishi ni kuambiwa hukuzaliwa.

Mma-Oteng akakaza blanketi la mgongoni. Akatia mkono kifuani akatoa chupa ya dawa, akainyanyua wote waione. "Hii hapa. Anayetaka kuimwaga asimame." Hakusimama mtu. "Na hizo koleo zenu kaeni nazo. Huyu hafi." Akairudisha chupa kifuani, akatoka, nami nikamfuata.

Jioni ile alimfungua ndama, akampeleka kambini mwenyewe kwa miguu, kamba mkononi. Ndama alikuwa anamfuata kama mtoto. Jagi la bati alilitupa shimoni. Akakwangua udongo wa ua pale kando ya jiko, akaufukia mbali, akamwaga maji yaliyochemka.

Na hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu Warona hakupona upesi. Ukoo ukamsusa. Wakikutana naye wanasalimia hewa, na viwavi vyake wakawa hawanunui. Mimi nilikuwa namletea kuni, maana maji yote yalikuwa ya kutokota: ya kunywa, ya uji, ya kuoshea vikombe, ya kumwogeshea mtoto. Mikono ananawa kwa sabuni mpaka ikapasuka. Akimwona mtu anataka kumshika Warona, anamtazama kucha kwanza. "Umetoka wapi? Zizini? Kanawe." Mchungaji naye alinawishwa, na koti lake.

Kuna siku nilikata tamaa. Mtoto alikuwa kalala mkekani, mwepesi kama nguo iliyoanuliwa, na amehara tena. Nikasema, Mungu anisamehe, "Mma-Oteng, pengine tumpumzishe." Alinigeukia. "Mma-Tebo, ukisema hivyo tena nitakuvunja meno, kisha nitakuomba radhi. Leta kijiko." Nikaleta kijiko. Redio ilianza habari, akaita kwa sauti ile ile ya siku zote, "Warona! Dawa!" kama vile mtoto yuko mbali anacheza. Mtoto akafungua mdomo.

Ikaja wiki akahara kidogo. Ikaja nyingine akaomba uji. Mara nikasikia kuku wangu wanapiga kelele, nikatoka na fimbo kumfukuza mbwa, kumbe si mbwa. Ni Warona, miguu kama vijiti, anaparamia ua wangu wa miiba. Nilimtukana vizuri sana siku hiyo.

Asubuhi moja Mma-Oteng aliniita kwa kelele nikadhani nyoka. Nikamkuta kachutama mbele ya poti. "Tazama," akasema. Nikatazama. Kilikuwa choo. Choo kigumu, kizuri, cha mtu mwenye tumbo lake. Tukakumbatiana pale tukicheka na kulia.

Kisha akawa na uso ninaoujua. "Ukoo unakaa leo?" akauliza.

"Wanakaa. Wanajadili mahari ya binti wa Rra-Thuso."

Akalifunika poti kwa kile kitambaa cheupe cha kudarizi tunachofunikia chakula cha mgeni. Nikamwambia, "Usifanye hivyo, dada yangu." Thubutu! Alikuwa ameshatoka, kalinyanyua kwa mikono miwili, kwa heshima, Warona kashika sketi yake anatembea kwa miguu yake mwenyewe, nami nyuma.

Alipoingia kgotla wote wakageuka. Akapiga magoti mbele ya kaka yake kama apigavyo mwanamke anayeleta chakula, akaliweka mbele yake chini. Rra-Thuso, kwa mazoea, akafunua kitambaa.

"Mlikijadili hapa kikiwa maji," akasema Mma-Oteng. "Mbele ya wanaume na wanawake, mkanivua nguo kwa ajili yake. Leo kimekuja kigumu. Kijadilini."

Rra-Thuso alikodoa macho kwenye poti, akayainua taratibu, akamwona mtoto amesimama pale, amenyolewa kipara, macho makubwa. Nadhani alikuwa ameshamzika moyoni. Fimbo ilimponyoka.

Warona akaona watu wazima wote wanatazama poti lake. Akaachia sketi ya bibi yake, akasogea mbele, akalinyooshea kidole.

"Yangu hiyo," akasema.

"Mmemsikia mwenyewe," akasema Mma-Oteng.